Vidonge vya tezi ya shingo: usiviache kwa sababu ya mimba

Msomaji wa Mafinga ameniandikia swali ambalo kliniki nimelisikia mara nyingi, kila mara kwa maneno tofauti. Ana miaka 29. Miaka mitatu iliyopita aligundulika kuwa tezi yake ya shingo haitengenezi homoni ya kutosha, akaanzishiwa kidonge kimoja kila asubuhi. Sasa siku zake zimechelewa wiki mbili na kipimo cha mkojo kimeonyesha mistari miwili. Wifi yake amemshauri aache vidonge vyote "mpaka mtoto akae sawa", kwa kuwa dawa na mimba changa haviendani. Anauliza: aache?

Hapana. Asiache hata siku moja. Tena kuna uwezekano mkubwa kwamba dozi yake inatakiwa kuongezwa, na hilo ni la kushughulikia wiki hii, si la kusubiri mpaka tumbo lionekane.

Simlaumu wifi. Kwa miaka mingi sisi wahudumu wa afya tumewaambia wajawazito wasimeze dawa kiholela, na bado tunawaambia hivyo. Lakini kidonge hiki, levothairoksini, ni homoni ileile ambayo tezi ya shingo ilipaswa kuitengeneza yenyewe. Hakimwingizii mtoto kitu kigeni. Kinajaza pengo, na pengo hilo likiachwa wazi anayeumia zaidi ni mtoto.

Tezi yenyewe, thairoidi, iko mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo, na umbo lake ni kama kipepeo aliyetandaza mbawa. Inachukua madini joto kutoka kwenye damu na kuyageuza homoni inayoamua mwili uende kwa kasi gani: mapigo ya moyo, joto la mwili, choo, hedhi, hata wepesi wa kufikiri. Kwa mtoto aliye tumboni homoni hiyo ina kazi kubwa zaidi, nayo ni kujenga ubongo. Mtoto hana tezi inayojitosheleza mpaka mimba ifike kati ya wiki ya 16 na ya 20. Kabla ya hapo anategemea homoni ya mama yake. Ndiyo maana mama mwenye tezi nzima hulazimika kutengeneza homoni kwa karibu nusu zaidi ya kawaida yake, na kazi hiyo huanza wiki za mwanzo kabisa, pengine kabla hajajua kuwa ana mimba.

Sasa jiulize ulianza kliniki mimba ikiwa ya miezi mingapi. Kwetu akina mama wengi huja mara ya kwanza wakiwa na miezi minne au mitano, wengine kwa sababu ya umbali, wengine kwa haya tu ya kuonekana mapema. Kwa mambo mengi tunaweza kufidia muda huo. Kwa homoni ya tezi, sehemu nyeti zaidi inakuwa imeshapita.

Mwaka 1999 watafiti wa jimbo la Maine, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapima akili watoto wa miaka 7 hadi 9. Mama zao walikuwa wamepungukiwa homoni ya tezi wakati wa ujauzito. Watoto ambao mama zao hawakupata matibabu walikuwa nyuma ya wenzao kwa wastani wa pointi 7. Pointi 7 huzioni kwa macho. Unaziona darasani, kwa mtoto asiye mgonjwa wala mvivu lakini kila kitu kinamchukua muda kidogo zaidi.

Kwa nini naliandikia jambo hili Nyanda za Juu Kusini? Kwa sababu huku tezi ya shingo ni hadithi ya zamani. Mbeya mjini iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mvua za milimani zimekuwa zikisafisha udongo wetu kwa maelfu ya miaka na kuondoka na madini joto. Mahindi, maharage na viazi vinavyolimwa kwenye udongo huo vinakuwa na upungufu uleule. Samaki wa bahari, ambao wana madini hayo kwa wingi, kwetu ni wageni. Usipa wa Ziwa Nyasa ni chakula kizuri sana na nakusihi uendelee kuwala, ila ni samaki wa maji baridi na kwa jambo hili hawatoshi.

Vipimo vilivyofanyika nchini miaka ya 1970 na 1980 vilionyesha kuwa mikoa yetu ilikuwa miongoni mwa iliyoathirika zaidi na rovu, au goita kama wengi tunavyoiita. Wakati huo Njombe ilikuwa bado ndani ya Iringa, na Songwe ndani ya Mbeya. Bado nakutana na bibi wenye chale za kuchanjwa juu ya uvimbe huo, na wengine huniambia kwamba shingo nene ilionekana kuwa pambo la mwanamke. Hata leo binti akivimba shingo nyumbani husema "ni ya ukoo, hata shangazi yake anayo". Ndiyo, ni ya ukoo, kwa maana kwamba ukoo mzima ulikula kutoka shamba moja na kutia chumvi ileile.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 Serikali, kupitia Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizokuwa na tatizo kubwa. Huenda mama yako anavikumbuka. Katikati ya miaka ya 1990 zikaja kanuni za kulazimisha chumvi ya kula iwekwe madini joto. Mwaka 2009 wachumi watatu, Erica Field, Omar Robles na Máximo Torero, walichapisha hesabu zilizoonyesha kuwa watoto wa Tanzania waliokuwa tumboni wakati mama zao wanapewa vidonge vile walisoma zaidi ya wenzao, kwa kati ya theluthi na nusu ya mwaka hivi, na wasichana ndio walionufaika zaidi. Watafiti wengine walizipitia upya hesabu hizo na hawakukubaliana nazo, kwa hiyo mimi siegemei hapo peke yake. Ninaegemea zaidi kazi ya zamani iliyofanywa katika bonde la Jimi, Papua New Guinea, kwa wakulima wa milimani kama sisi. Mwaka 1966 baadhi ya familia huko zilidungwa sindano ya mafuta yenye madini joto, na nyingine sindano isiyo nayo. Miaka michache baadaye tofauti ilikuwa dhahiri. Watoto waliozaliwa na ulemavu mkubwa wa akili na viziwi walikuwa wachache mno upande wa waliopata madini joto, na kinga ilikuwa kamili pale mama alipoyapata kabla ya kushika mimba.

Kwa hiyo tuzungumze chumvi, maana hiyo haihitaji daktari. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 za madini joto kwa siku, wakati mtu mzima asiye na mimba anahitaji 150. (Jina "madini joto" huwachanganya watu, hayapashi mwili wala chakula joto, ni iodini tu.) Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Ile ya mawe inayopimwa kwa kopo, uwe Mwanjelwa au Soko Kuu la Iringa, huwezi kujua ina nini. Inaweza kuwa nayo na inaweza isiwe nayo. Ukifika nyumbani iweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moshi wa jiko na jua la dirishani, na uitie chakula kinapokaribia kuiva. Usiioshe. Najua wapo wanaoiosha chumvi ya mawe ili iwe nyeupe. Wanachokimwaga pamoja na yale maji ni madini yenyewe.

Na kama una presha? Punguza chumvi kama ulivyoshauriwa, lakini hiyo kidogo unayotumia iwe yenye madini joto. Usijitafutie njia ya mkato ya kunywa dawa ya iodini ya kupaka kidonda au matone unayouziwa mtaani. Madini joto yakizidi sana nayo huivuruga tezi, ya mama na ya mtoto.

Kabichi na muhogo? Naulizwa hili kila wiki. Kula, pika vizuri. Vina viambato vinavyoweza kuisumbua tezi pale madini joto yanapokuwa haba. Chumvi ikiwa sahihi, sahani ya kabichi haikuletei goita.

Narudi kwa wagonjwa wenyewe. Uvimbe wa shingo haukuambii homoni ikoje. Kuna mwenye goita kubwa na homoni zake ziko sawa, yupo ambaye zimepungua, na yupo ambaye zimezidi. Pia kuna mwenye shingo laini kabisa ambaye tezi imechoka. Jibu linatoka kwenye damu: kipimo cha TSH, na pale inapobidi T4. Dalili za kupungua ni uchovu, usingizi, choo kigumu, ngozi kavu, nywele kukatika, kunenepa bila sababu na kuhisi baridi. Mjamzito gani hana nusu ya hizo? Na Juni Mbeya, nani hahisi baridi? Ndiyo maana dalili pekee hazitoshi. Mwombe mhudumu akupime kama una uvimbe shingoni, kama uliwahi kutibiwa au kupasuliwa tezi, kama mama au dada yako ana ugonjwa huo, kama una kisukari cha aina ya kwanza, kama mimba zimekuharibikia mara kwa mara, au kama ulihangaika muda mrefu kupata mtoto. Zahanati nyingi hazina kipimo hiki. Uliza kama damu inaweza kuchukuliwa kituoni kwako ikapelekwa hospitali ya mkoa au ya kanda. Wakati mwingine inawezekana, na nauli ya kutoka Makete hadi Mbeya si ya kuichezea.

Ukiwa tayari unameza levothairoksini, mpango mzuri huanza kabla ya mimba. Sema mapema kuwa unataka mtoto, ili TSH ishushwe chini ya 2.5 kwanza. Mimba ikishapatikana, wengi huhitaji dozi kupanda kwa robo hadi nusu. Mwongozo wa wataalamu wa thairoidi wa Marekani wa mwaka 2017 unatoa njia rahisi kwa mwanamke aliyekuwa na dozi moja kwa siku: mara tu mimba inapothibitika aongeze vidonge viwili kwa wiki, yaani badala ya saba viwe tisa, huku akitafuta kupimwa. Kwa mtu anayeishi saa nne kutoka kwa daktari wake naona ni njia ya busara, ilimradi apige simu kliniki na kuwaambia alichofanya. Hii inamhusu yule tu aliyekwisha kuandikiwa dawa kwa sababu homoni imepungua. Usimgawie jirani mwenye goita. Baada ya hapo TSH ipimwe kila wiki nne hivi mpaka katikati ya ujauzito, kisha angalau mara moja karibu na wiki ya 30.

Jinsi ya kumeza dawa ni muhimu kama dozi yenyewe, na hapa ndipo naona dawa nyingi ikipotea bure. Meza asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, kisha subiri nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki vina madini ya chuma, na chuma hukishika kidonge cha tezi tumboni kisiingie mwilini. Kalisi hufanya hivyohivyo. Tenganisha kwa saa nne au zaidi: cha tezi alfajiri, vya damu usiku. Uji wa lishe wenye soya, ambao najua mama mkwe amekusagia kwa mapenzi, usiunywe papo kwa hapo baada ya kidonge. Ungojee katikati ya asubuhi. Nimekuwa na mama kutoka Kilolo ambaye dozi yake ilipandishwa mara mbili na TSH ikakataa kushuka. Alikuwa anameza vyote kwa mkupuo mmoja, pamoja na chai ya maziwa, ili asisahau. Tulivitenganisha tu, na mwezi uliofuata majibu yalikaa sawa.

Upande wa pili ni tezi inayozidisha homoni. Huyu utamwona Julai, wenzake wamejifunga blanketi, yeye anatoka jasho. Moyo unakimbia hata akiwa amekaa, mikono inatetemeka, anakula lakini anakonda, mara nyingine macho yametoka. Usimchanganye na mama mwenye mimba changa anayetapika sana. Homoni ya mimba yenyewe inaweza kuichochea tezi kwa muda, na hali hiyo mara nyingi hutulia baada ya miezi mitatu minne bila dawa za tezi. Lakini ugonjwa wa kweli usiotibiwa ni hatari: mimba kuharibika, presha na kifafa cha mimba, mtoto njiti, moyo wa mama kushindwa kazi.

Hapa suala la dawa lina ugumu wake. Kabimazoli, ambayo wengi hutumia, imehusishwa na kasoro za maumbile kwa mtoto, hasa ikimezwa kati ya wiki ya 6 na ya 10 ya mimba. Kwa hiyo kwa wiki 16 za kwanza kwa kawaida tunatumia propilithiourasili, na wengine ambao ugonjwa umetulia kwa dozi ndogo tunaweza kuwasimamisha dawa kwa uangalizi. Uamuzi huo haufanyiki nyumbani. Siku zako zikichelewa hata kwa wiki moja, pima mkojo, na ukikuta mimba wasiliana na daktari wako siku hiyohiyo au kesho yake. Ukiwa kwenye dawa yoyote kati ya hizo mbili ukapata homa na koo kuuma, usinunue antibiotiki dukani; nenda ukapimwe wingi wa chembe nyeupe za damu, kwani mara chache dawa hizi huzishusha ghafla.

Tiba ya madini joto ya mionzi, inayotolewa Ocean Road jijini Dar es Salaam, haifanywi kabisa ukiwa mjamzito au unanyonyesha, na baada ya kuipata subiri angalau miezi sita kabla ya kushika mimba. Na kama ulishatibiwa kwa mionzi au upasuaji zamani kwa sababu tezi ilizidisha homoni, mwambie mkunga hata kama sasa unajiona mzima. Kingamwili zilizoichokoza tezi yako zinaweza kuwa bado zipo kwenye damu, zikavuka kondo la nyuma na kuichokoza tezi ya mtoto.

Ukishajifungua, dozi ya levothairoksini hurudishwa ilivyokuwa kabla ya mimba, na TSH hupimwa baada ya wiki sita. Tarehe hiyo inaangukia karibu na kliniki ya mtoto. Omba siku moja ifanye kazi mbili. Kunyonyesha kunaendelea. Lakini mwaka wa kwanza una mtego wake. Kuna wanawake ambao tezi huvimba baada ya uzazi, homoni zikapanda kwa wiki kadhaa kisha zikashuka chini ya kawaida. Mama anakuwa mchovu, mzito, analia bila sababu, na watu wanasema uzazi umemlegeza au ana majivuno. Wewe baba uliye naye nyumbani ndiye utakayeona tofauti kwanza. Mpeleke akapimwe.

Na mtoto. Katika nchi nyingi kila kichanga huchomwa kisigino siku za mwanzo na tone la damu yake hupimwa homoni ya tezi. Kwetu si kila mtoto anapata kipimo hicho, kwa hiyo macho ya mama ndiyo ulinzi wa kwanza. Kama una ugonjwa wa tezi, omba mtoto wako apimwe kabla hajatimiza wiki mbili, kwani matibabu yakianza ndani ya muda huo ubongo wake una nafasi nzuri ya kukua kama wa wenzake. Anapewa homoni hiyohiyo ya levothairoksini, kwa dozi anayopangiwa na daktari, ikasagwa na kuchanganywa na maziwa kidogo ya mama kwenye kijiko. Na hata kama huna ugonjwa wowote: mtoto akibaki na umanjano zaidi ya wiki mbili, akilala mno mpaka umwamshe kunyonya, choo kikikawia, sauti ya kilio ikiwa nzito, ulimi mkubwa, kitovu kimetokeza na mwili umelegea, mpeleke hospitali na utaje tezi kwa jina. Majirani watakusifia kwamba una mtoto mpole, halii. Mpeleke hivyohivyo.